Trekta haiwaki, na fundi ni shemeji

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mkulima wa Kabuku, wilaya ya Handeni. Safu yako huwa naisoma kwa ajili ya mambo ya ndoa za watu, sikudhani ipo siku nitakuandikia mimi, tena kwa sababu ya trekta.

Marehemu baba alituachia trekta, Massey Ferguson 135. Aliinunua kwenye mnada wa shamba moja la mkonge, ambako ilikuwa ikivuta matela ya majani kupeleka korona, kwenye mashine ya kuchakata mkonge. Kwa trekta hiyo tulisoma wote watatu: mimi, dada yetu anayenifuata, na mdogo wetu wa mwisho ambaye sasa yuko Dar es Salaam.

Vuli iliyopita ilianza kula oili, moshi wa bluu, nguvu ikaisha kabisa. Ikifika kwenye udongo mzito na plau, inakata pumzi. Tukakubaliana injini ifunguliwe. Mume wa dada ni fundi wa magari makubwa, ana gereji yake kando ya barabara ya Segera. Mama akasema, kwa nini hela itoke nje na mtoto wa nyumbani yupo? Basi tukachanga. Mimi niliuza mahindi niliyokuwa nimeyaweka, mdogo wangu akatuma zake. Shemeji alishusha injini, akaenda Dar mwenyewe, akarudi na laini za silinda, pistoni, ringi, beringi na gasketi. Nozeli alizipeleka kupimwa. Pampu ya dizeli aliivua tu kupisha kazi, kisha akairudisha. Hela ya ufundi tulisema tutamalizana trekta ikishaanza kulima.

Kazi yake ni safi, hilo sitamnyima. Siku ya kuwasha tulijaa uwanjani mpaka watoto wa jirani. Stata ikazunguka, haikuwaka. Tukatoa upepo kwenye filta, kwenye pampu, mpaka kwenye nati za nozeli, dizeli ikawa inaruka. Bado. Inazunguka kwa uzito, bomba linatoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, halafu basi. Betri yetu ilikufa wakati trekta imelala, kwa hiyo tunaazima ya Noah ya jirani. Tukipiga stata kwa muda, kichwa cha waya wa betri kinapata moto hata hukishiki.

Sasa shemeji anasema pampu ndiyo mbovu, iende Dar, na hela nyingine itafutwe. Mdogo wangu amekuja juu. Alipita mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya spea ya Dar, kuuliza bei ya laini na pistoni, akatajiwa bei iliyo chini sana ya ile tuliyoletewa, na risiti hatukupewa. Anasema tumeletewa spea feki, chenji imeliwa, na nozeli zetu nzima zimebadilishwa na mbovu za mtu mwingine. Anataka twende kwa mtendaji wa kijiji, au trekta ivutwe hadi kwa fundi wa Korogwe. Hayo aliyasema kwenye simu, simu iko loudspika, na dada yuko jikoni kwa mama. Dada aliondoka bila kuaga.

Mama anasema iuzwe kama ilivyo, amani irudi. Mnunuzi wa vyuma chakavu ameshakuja kuizunguka.

Na mimi, Shangazi, nimepokea nusu ya malipo kwa watu wanaotaka kulimiwa kabla ya masika. Mawingu yameanza kujikusanya upande wa bahari, na watu wananisalimia kwa namna nyingine. Nikileta fundi mwingine, nimemwita shemeji mwizi mbele za watu. Nikimwacha aendelee, mdogo wangu anasema nimewatupa ndugu zangu. Nishike lipi?

Kaka Mkubwa, Kabuku

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na usione haya kuniandikia habari za trekta. Nimeolewa na fundi dizeli, nyumbani kwangu ringi na gasketi huzungumzwa hata wakati wa kula. Barua yako tumeisoma wawili, na yote ya injini nitakayosema hapa ameyapitia yeye kwanza.

Nianze na namna nilivyokuelewa. Umebeba maswali mawili. Swali la kwanza ni kwa nini injini haiwaki. La pili ni kama shemeji amewatendea haki katika fedha zenu. Nyumbani kwenu maswali hayo yameshageuzwa kuwa moja: haiwaki, kwa hiyo katuibia. Lakini jaribu kuyatenganisha kidogo. Trekta ikiwaka kesho asubuhi, habari ya risiti itakuwa imejibiwa? Na je, fundi mwaminifu kabisa hawezi kufunga injini ikakataa kuwaka? Inatokea kila mwezi, hata kwa mafundi wenye vyeti. Mnapoyachanganya, kila spana anayoishika shemeji inakuwa ushahidi wa mahakamani, na mtu akifanya kazi huku anahukumiwa, mikono yake haitulii.

Sasa twende kwenye kitu ulichokitaja ukakipita haraka: moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inapata joto kali, dizeli inanyunyiziwa humo, inawaka yenyewe. Kwa hiyo dizeli lazima ifike, tena kwa wakati wake, hewa ibanwe sawasawa, na injini izunguke kwa kasi ya kutosha ili joto hilo lipatikane. Moshi wako unasema dizeli inafika ila inatoka bila kuungua. Pampu ingekuwa imekufa kabisa, au upepo ungekuwa umejaa kwenye mabomba, ekzosi ingekuwa kavu.

Unaona hilo linatupeleka wapi? Neno la shemeji, kwamba pampu ni mbovu, halikai vizuri na moshi huo. Na neno la mdogo wako kuhusu nozeli nalo linapungua uzito, ingawa halifi, maana nozeli inayotiririsha badala ya kunyunyiza huweza kuleta moshi huo huo. Huenda wote wawili wanagombania kitu ambacho hakijapimwa.

Mume wangu alipofika kwenye betri ya Noah, aliweka karatasi chini. Injini iliyotoka kufungwa laini na ringi mpya ni nzito kuizungusha, kila kitu ndani bado kinakwaruzana. Nyinyi mnaizungusha kwa betri ya gari dogo, kupitia waya unaochoma mkono. Joto lile pale kwenye kichwa cha waya ni umeme unaopotea kabla haujafika kwenye stata. Ama kimelegea, ama kuna kutu katikati ya risasi na shaba, ama waya wenyewe ni mwembamba. Ule waya wa hasi unaoshika bodi nao husahaulika, hasa injini ikishashushwa na kupakwa rangi: wanaufunga juu ya rangi, umeme unakosa njia. Fundi yeyote wa umeme mwenye mita anaweza kuweka ncha zake kwenye nguzo za betri wakati stata inapigwa. Betri ya volti 12 ikiporomoka chini ya 9 hivi, basi injini hiyo bado haijapewa nafasi ya kuwaka, na hakuna haja ya kumlaumu mtu. Kusafisha vichwa na kuazima betri kubwa ya lori ni gharama ndogo kuliko nauli ya pampu kwenda Dar na kurudi.

Sikuambii kwamba ndicho chenyewe. Inawezekana mkaweka betri ya lori, ikazunguka kwa kasi, na bado isiwake. Hapo mnaangalia taimingi, yaani wakati ambao pampu inapeleka dizeli, kwa sababu umesema pampu ilivuliwa ikarudishwa. Pampu ya hiyo Massey ina mstari mwembamba uliochongwa pale mdomo wake unapofungiwa, na mstari mwenzake uko kwenye kasha la gia. Mistari hiyo ikiwa haikutani, nafasi ya kuigeuza pampu kidogo ipo, ni kulegeza nati tu. Gia zenyewe zina nukta za kupatanisha. Jino moja likirukwa, dizeli inafika wakati si wake. Baada ya hapo ni nafasi za valvu, ambazo injini ikiwa baridi zinatakiwa kuwa karibu milimita 0.30. Valvu zikibanwa mno hazifungi, hewa inatoroka. Mwisho kabisa kuna kipimo cha kijiko: nozeli zinavuliwa, kijiko kidogo cha oili kinamwagwa katika kila silinda, injini inazungushwa, nozeli zinarudi. Ikionyesha dalili ya kuwaka ambayo haikuwapo, basi hewa inavujia kwenye ringi, na swali la ubora wa spea linarudi mezani likiwa na miguu ya kusimamia. Ni kijiko, si kikombe. Oili haibinyiki, na ikizidi kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaoshika pistoni.

Kabla ya yote hayo, vuta kijiti cha oili ukinuse. Dizeli yote iliyomwagika silinda bila kuungua imekwenda mahali, na mahali penyewe ni chini, kwenye oili. Kama kipimo kimepanda na kinanuka dizeli, imwagwe. Beringi zenu mpya hazistahili kuanza maisha na oili iliyochujuka.

Kuna watu watakuja na mawazo mawili, kama bado hawajaja. Wa kwanza atasema ivutwe na trekta nyingine ishtuke. Sikatai, Massey nyingi zimeamka hivyo. Lakini kama gia za taimingi zimekosewa, valvu zinaweza kukutana na pistoni kwa nguvu ya trekta nzima, na injini iliyokuwa inakataa tu itakuwa imevunjika. Wa pili atakuja na kitambaa chenye petroli akiweke kwenye mdomo wa hewa. Huyo mpe kiti akae mbali. Petroli ndani ya injini ya dizeli huweza kulipuka kabla ya wakati wake, ringi mpya zikapasuka, na hapo hata malaika hatajua kosa lilikuwa la nani.

Na hilo la nani ndilo linalokukosesha usingizi, kwa hiyo turudi kwa watu.

Mdogo wako ana haki ya kuuliza. Hela yake imo, na risiti haikuja. Ila bei ya Gerezani aliyotajiwa ni ya spea ipi? Laini za trekta hiyo zipo za daraja nyingi, orijino na za kuiga, na muuzaji hutaja bei kulingana na anachotaka kukuuzia. Njia ya kulijua hili bila kelele ipo: maboksi ya spea na vyuma vya zamani viko wapi? Fundi huwa na kona yake ya kutupia. Kuomba kuonyeshwa laini za zamani na maboksi ya mpya ni jambo la kawaida kabisa kati ya mwenye mali na fundi, wala si tusi. Nozeli nazo, aliyezipima huwa anamkumbuka aliyezileta. Unaweza ukakuta majibu yanakutuliza. Unaweza pia ukakuta maboksi hayaeleweki, nawe ujiandae kwa hilo, ujue utamwambia nani kwanza.

Kwa mtendaji sikuzuii, ni haki yenu. Nakukumbusha tu kwamba huko mtaulizwa mlichokubaliana, na kwa maelezo yako hamkuandikiana kitu. Kesi ya namna hiyo huishia kuwa neno kwa neno, na dada yenu akiwa shahidi wa upande gani?

Huyo dada ndiye nimemtafuta katika barua yako sikumpata. Umeniandikia maneno ya mdogo wako, ya shemeji na ya mama. Yeye yupo kwenye sentensi moja, anatoka jikoni bila kuaga. Umeshakwenda kumwona? Hajui taimingi, lakini anajua kama mumewe anarudi nyumbani amechoka au ana jambo. Na hata kama hataki kulizungumza, kaka mkubwa kwenda kubisha hodi kwake bila habari ya trekta kuna uzito wake.

Halafu kuna jambo dogo uliloliandika kana kwamba ni la kawaida: hela ya ufundi mtamalizana baadaye. Kwa hiyo shemeji ameshusha injini, amekwenda Dar, amefunga, na mpaka leo mfukoni hajaweka kitu kinachoitwa malipo. Labda ndiyo maana mdogo wako anahisi chenji imeliwa. Mtu asiyelipwa hushawishika kujilipa, na wengine huona si wizi. Labda pia ndiyo maana anaitupia pampu: pampu ikienda Dar, yeye anapumzika na kazi isiyomlipa, arudi kwenye malori ya wateja. Sijui ni lipi, huenda si lolote. Lakini ukikaa naye wawili, bila mdogo wako kwenye simu, kuanza na ujira wake kutafungua mdomo wake kuliko kuanza na risiti.

Kuhusu fundi wa pili, wewe unaona ni kumtangazia shemeji wizi. Je, ni lazima iwe hivyo? Mafundi huitana wao kwa wao kila siku. Unaweza kumwomba shemeji amchague yeye mwenyewe mtu anayemheshimu, aje wapime pamoja hapo hapo uwanjani, injini ikiwa haijafunguliwa. Faida yake ni kwamba anabaki fundi mbele za watu. Hatari yake ni kwamba rafiki humficha rafiki. Ukimwita wa Korogwe kwa upande wako, atakuwa huru, ila fundi mgeni akitaka kazi hukuta makosa hata yasipokuwapo. Kuivuta mpaka Korogwe nako kuna gharama, na wakishaifungua huko, hakuna atakayeweza tena kuonyesha ilikuwaje ilipotoka kwa shemeji. Kwa vyovyote mtakavyoamua, kipimo cha mita kwenye betri, mistari ya pampu na kile kijiko vinaweza kufanyika kabla haijatoka uwanjani, mdogo wako akitumiwa video aone mwenyewe.

Mama naye nimemwelewa. Kwake trekta imekuwa kitu kinachofukuza watoto wake. Lakini mnunuzi wa chuma chakavu hupima kilo. Hatawalipa laini mpya. Hiyo 135 ni ya mtindo ulioanza kutoka kiwandani miaka ya 1960, injini yake ya Perkins ni ya silinda 3, lita 2.5, rahisi kwa fundi wa kawaida na spea zake bado zinatafutika. Trekta ya hivyo ikinguruma ina bei moja, ikinyamaza ina nyingine kabisa. Kama moyo wa mama umeshakataa, kuuza mnaweza bado, ila muulizeni pia ni nini hasa kitamrudishia amani. Huenda akakujibu kitu ambacho hakihusiani na kuuza.

Ninaloliona la haraka kuliko yote ni wale waliokupa nusu ya malipo. Hili halimngoji shemeji wala Gerezani. Masika ya Tanga huanza kuja mwezi wa tatu, na mahindi yaliyochelewa kupandwa hayamhurumii mtu. Wanakusalimia vingine kwa sababu hawajui wapange nini. Ukipita kwa kila mmoja ukamwambia hali ilivyo, kuna atakayetaka hela yake siku hiyo, na sijui kama bado unayo yote. Kuna atakayekubali umtafutie trekta ya mwingine kwa hela hiyo hiyo, wewe ukipoteza faida na pengine ukiongeza kidogo mfukoni. Na kuna atakayesema anangoja, huyo mpe siku ambayo baada yake hatangoja tena, maana ahadi isiyo na tarehe ndiyo iliyokufikisha hapo. Kama huwezi kuwafikia wote kwa mara moja, anza na wenye mashamba ya bondeni. Kwao mvua mbili tu zinatosha kuzuia trekta yoyote kuingia.